Homa Niliyoiita Mahaba

Mimi ni mtu wa wivu, na hilo silisemi kwa kujuta. Kila anayenijua hapa Segerea analijua. Nauza magodoro, duka liko mbele, nyumba iko nyuma, na uani nina vyumba vitatu vya kupangisha. Fundi bomba akija kwangu hunikuta nimeketi sebuleni mikono kifuani, na haondoki mpaka nimsindikize getini na nihakikishe amepanda bodaboda.

Hata hivyo, kwa miaka kumi na miwili wivu wangu ulikaa bure bila kazi. Mke wangu Thuraya alikuwa mgonjwa. Ngozi yake iliota magamba, kwanza viwikoni, halafu magotini, kisha mgongo mzima. Magamba meupe yanayopukutika, na chini yake wekundu kama mtu aliyeungua. Soriasisi, ndivyo daktari alivyoandika. Majirani hawakuandika, walisema tu: wengine ukoma, wengine kijicho cha mawifi. Thuraya akawa anavaa glavu nyeusi hata akienda gengeni kununua nyanya. Harusini alikuwa haendi. Na kila siku baada ya Magharibi alikaa kitini chumbani, akateremsha nguo mabegani, nami nikampaka mafuta ya dawa mgongoni kwa sababu mikono yake haikufika huko.

Nilimhurumia, Mungu ni shahidi wangu. Na nilifurahi pia. Nalisema mapema usije ukanidhania mwema: nilipenda kuwa na mke ambaye hakuna mwingine duniani aliyeujua mgongo wake.

Mwaka jana kaka yake, Yazid, aliyehamia Maskati zamani, akatupigia simu kwamba kuna sindano mpya, dawa ya kibayolojia, inayotuliza uvimbe kutokea ndani, na kwamba atakuwa akizileta yeye. Tukaenda mjini kwa daktari bingwa wa ngozi, mama mmoja mpole, mrefu, anayeongea huku akichora kwenye karatasi.

"Mwili una askari wake, ndiyo tunaita kinga," alisema. "Kwa Mama Arwa hawa askari wamechanganyikiwa, wanapiga ngozi yake mwenyewe. Sindano hii inawatuliza. Ishu inakuja hapa: askari wakitulia, wafungwa nao wanaweza kutoroka. Nyie watu wa Segerea si mnanielewa?"

Tulicheka. Segerea ina gereza, na kila mtu wa mjini akikutana nasi lazima alitaje.

"Mfungwa ninayemwogopa zaidi ni kifua kikuu," akaendelea. "Vijidudu vyake vinaweza kulala kwenye mapafu ya mtu miaka mingi, haumwi, hakohoi. Tukianza sindano, vinaamka. Picha yako ya kifua ni safi, na kipimo cha mkononi hakikuonyesha kitu. Ila dawa ulizokuwa unatumia zinaweza kukidanganya kile kipimo, ndiyo maana nauliza kwa mdomo. Nyumbani kuna mtu yeyote aliyewahi kuugua kifua kikuu, au kikohozi cha muda mrefu? Kama yupo, nitakupa kwanza vidonge vya kuzuia, miezi michache tu, ndipo tuanze."

Thuraya akafungua mdomo. "Mama mkwe wangu alikuwaga..."

"Pumu," nikamwahi. "Mama yangu alikuwa na pumu. Kifua kikuu kwetu hakuna."

Daktari akaandika. Thuraya hakukasirika kwamba nimemjibia. Mwanamume wa kwetu akienda hospitali na mkewe, yeye ndiye anayesema mke anaumwa wapi.

Haikuwa pumu. Mama yangu, Bi Zuwena, alifariki miaka sita kabla, katika chumba cha nyuma, kwa kifua kikuu. Nilijua mimi peke yangu. Nilikuwa nampeleka zahanati ya mbali, kule Boko, ambako hakuna anayetujua, na vidonge vyake nilivimimina kwenye kopo la vitamini. Kwetu posa ikija, upande wa pili una wanawake wa kuulizia. Wanapita nyumba kwa nyumba na vikapu vyao kama wananunua mboga. Ukoo huu una kifafa? Una wazimu? Una kifua? Neno moja tu likiwafikia, binti wako anazeekea nyumbani. Nami nilikuwa na binti mmoja, Arwa, wakati ule ana miaka kumi na mitano. Basi ikawa pumu. Babu yangu naye alikufa kwa pumu, na shangazi zangu wawili. Ukoo wetu una pumu nyingi sana.

Mama alipopata nafuu mwezi wa pili alivikataa vile vidonge, akasema vinamchoma tumbo, nami sikumlazimisha. Mwaka uliofuata akazidiwa. Aliyemlisha uji ni Thuraya. Aliyemgeuza kitandani ni Thuraya. Aliyemwaga kopo lake la mate, akalisuuza na kulirudisha chini ya kitanda huku akimwita mama, ni Thuraya, na mimi nikimtazama kutoka mlangoni.

Sindano zikafanya kazi. Wiki ya tatu wekundu ulififia, mwezi wa pili magamba yakaanza kudondoka, na kufikia wa tatu mkono wake ulikuwa laini mpaka begani. Alikuwa anajichoma mwenyewe tumboni kila baada ya wiki mbili. Aliyemfundisha ni nesi wa kiume wa kliniki ya ngozi, Gaudens, kijana wa Kihaya aliyejaa adabu, ana sauti ya mtangazaji wa redio. Siku ile ya mafunzo aliniambia, "Shikamoo mzee, naomba utupishe kidogo, chumba ni kidogo." Sikuwapisha. Nilisimama palepale penye pazia nikamtazama akimwonyesha mke wangu namna ya kuifinya nyama ya tumbo kwa vidole viwili. Nililala na vile vidole viwili kichwani wiki nzima.

Halafu jioni moja, nimeshika kopo la mafuta, Thuraya akaniambia, "Baba Arwa, leo usijisumbue. Hakuna cha kupaka."

Alisema kwa furaha. Akanishika shavu, akatoka kwenda jikoni akiimba. Mimi sijawahi kuajiriwa maishani mwangu, lakini siku ile nilijua mtu aliyeachishwa kazi anajisikiaje. Nilibaki nimekaa kwenye kiti chake mpaka Arwa akaja kuniita kula.

Kuanzia hapo mke wangu akawa mtu wa watu. Glavu alizitupa. Akanunua raba nyeupe, akawa anatembea kila asubuhi na mpangaji wetu mmoja, mwalimu Atuganile, mwanamke wa Tukuyu anayefundisha shule ya msingi na anayezungumza kana kwamba dunia nzima ni darasa la wanafunzi themanini. Nilikuwa nawasikia wakirudi. Thuraya alikuwa akicheka kicheko kirefu cha kuishiwa pumzi, ambacho mimi katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa sikuwahi kumchekesha mpaka akakitoa. Alikwenda harusi ya wanawake Gongo la Mboto na mikono wazi, hina mpaka kiwikoni, akarudi akisimulia jinsi walivyomwambia amekuwa mwari.

"Wamesemaje?" nikauliza.

"Wamesema nimekuwa mwari."

"Nani hasa kasema?"

"Wanawake, Hashil! Harusi ya wanawake, unataka nani aseme?"

Nilitafuta njia ya kumpunguza kasi, nikaipata ndani ya boksi la sindano. Ile karatasi ndefu inayokunjwa mara nane ilikuwa na Kiarabu upande mmoja, na Kiarabu cha marehemu baba yangu bado ninacho. Basi nikaifanya kitoweo cha chakula cha jioni. "Leo tunasoma madhara," nilikuwa nasema nikivaa miwani. "Maumivu ya kichwa. Wekundu panapochomwa. Vipele. Moyo kushindwa kazi. Saratani za aina fulani." Arwa alikuwa ananiambia, "Baba, si ule wali wako." Thuraya aliendelea kuchambua samaki. Nilitaka aogope, alisogeze lile boksi kando mwenyewe, arudi kitini.

Kulikuwa na mstari mmoja wa herufi nzito, juu kabisa, kabla ya yote hayo. Ulihusu kifua kikuu. Huo niliuruka. Kila jioni niliyosoma, niliuruka.

Mwezi wa saba wa sindano mambo yakabadilika. Kwanza alianza kupungua. Mapaja yakaisha, uso ukachongoka, bangili zikawa zinamteleza hadi kwenye kiganja. Nikajiambia anajipunguza mwili. Na mwanamke wa miaka arobaini na minne hajipunguzi mwili kwa ajili ya mume aliyemzoea akiwa mnene. Kisha akahama chumba. Alisema feni yangu inamtia baridi, akaenda kulala chumba cha nyuma kilichokuwa cha mama. Halafu zikaja shuka. Kila asubuhi nikifungua duka nilikuta uani shuka zimefuliwa na kuanikwa, za jana tena, na za juzi tena. Mimi ni muuza magodoro, najua shuka hufuliwa mara ngapi. Nilisimama mbele ya ile kamba nikihesabu saa ambazo huwa dukani.

Na jioni, nikirudi ndani kutoka msikitini, nilimkuta amependeza kupita kiasi. Mashavu mekundu, macho yanang'aa kama aliyetoka kusikia habari njema. Mkono wake ukinigusa nikipokea chai ulikuwa wa moto. Kama hukuwahi kuona wivu, hutanielewa. Nilikuwa nakunywa chai ile na kujiuliza ni nani aliyemwachia moto ule nikiwa nahangaika na wateja.

Simu ndiyo ikanimaliza. Ilikuwa inaita, anaichukua, anatoka nayo hadi kwenye tangi la maji. Siku moja aliisahau mezani, ikaita mbele yangu. Kioo kiliandika: Gaudens.

"Huyu nesi anakutafutia nini?" nilimuuliza alipoingia. "Sindano si umeshajua kuchoma?"

"Ananikumbusha tarehe."

"Tarehe ni kila wiki mbili. Anakupigia kila siku mbili."

"Sasa unahesabu?"

"Nahesabu, ndiyo. Na shuka nahesabu."

Akaanza kukohoa, akakimbilia jikoni na kufungua bomba. Nilimsikia akikohoa chini ya sauti ya maji. Aliporudi alisema ni vumbi la magodoro. Mwalimu Atuganile, aliyekuwa uani anamenya viazi, akanitupia jicho ambalo nilitaka kumpandishia kodi kwa ajili yake.

Najua utaniuliza. Hashil, ile karatasi si uliisoma mwenyewe, kikohozi hukukisikia? Nilikisikia. Labda hata nilijua, kule chini ambako mtu huhifadhi asiyotaka kuyaona. Lakini mume aliyeibiwa mke ana mtu wa kumlaumu na majirani wa kumpa pole. Aliyemwambukiza mkewe kwa uongo wake hana hata mmoja. Nikachagua kuibiwa.

Alhamisi moja Thuraya akaniambia anakwenda Kariakoo kwa fundi, kuulizia nguo za Arwa. Arwa alikuwa ametumiwa salamu za posa. Jumapili ileile walikuwa wanakuja watu wa Gongo la Mboto kwa ajili ya kijana wao, Muntasir, ambaye binti yangu alikuwa anajifanya hamjui. Kisingizio kilikuwa kizuri. Bajaji yake ilipopinda kona, nilifunga duka, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva aifuate ile ya kijani na asiipite.

Haikwenda Kariakoo. Ilikwenda hospitali, na haikuwa siku ya kliniki yake. Getini alisimama Gaudens, amevaa sare. Akampokea mkoba. Wakazunguka jengo la ngozi, wakapita penye matangi, wakaenda nyuma kabisa, mahali penye banda la bati na mabenchi, na nyuma ya banda kuna ukuta. Huko ukutani ndiko walikosimama. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, ameinama, na yule kijana yuko hatua chache kutoka kwake akimbembeleza kwa ile sauti ya redio: "Taratibu, dada. Vuta pumzi. Hii ya mwisho, itoe kutoka ndani kabisa."

"We!" nilipiga ukelele. "Huyo ni mke wa mtu!"

Watu wote kwenye mabenchi wakageuka. Ndipo nikaona kwamba wote wamevaa barakoa.

"Mzee, simama hapohapo," alisema Gaudens. "Usisogee bila barakoa."

"Usiniamrishe! Nimekufumania mchana kweupe!"

Mzee mmoja aliyekonda, mwenye kofia ya sufu, akajibu kutoka kwenye benchi, "Ndugu yangu, hapa hatuji kutongozana. Tunakuja kukohoa." Wengine wakacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi, benchi zima.

Thuraya akageuka. Mkononi alikuwa na kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, na ndani yake makohozi yenye uzi mwembamba wa damu. Nilimtazama uso. Kila siku nilikuwa namtazama, kwa miezi, namchunguza kama askari wa forodha, na sikuwahi kumwona. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama. Midomo ilikuwa imekauka. Yale mashavu mekundu yalikuwa homa, na ule moto wa mikono yake ulikuwa homa. Shuka zilikuwa jasho la mgonjwa, alilolifua kabla sijaamka ili nisione.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Ningekuambia nini, Hashil? Ukisikia nimekohoa ungesema tuache sindano. Kila siku unanisomea makaratasi. Nilikuwa naomba Mungu iwe mafua, nibaki hivi hivi hata mwaka mmoja." Akashika mkono wake laini kwa mkono mwingine. "Nilimpigia Gaudens yeye anishauri. Mwezi mzima ananibembeleza nije kupima, mie naogopa."

Majibu yalitoka saa nane. Kilikuwa kifua kikuu. Yule daktari wetu wa ngozi alishuka mwenyewe, akatuingiza kwenye chumba chenye madirisha wazi pande zote, akakaa mbali kidogo.

"Kinatibika," alisema. "Miezi sita ya vidonge, na Mama Arwa utapona. Lakini sindano tunasimamisha leo. Ngozi inaweza kurudi ilivyokuwa. Baadaye, mapafu yakipona, tutaongea upya."

Thuraya akafunika uso kwa mikono yote miwili. Na mimi, unisikie vizuri: wakati mke wangu analia, kitu ndani yangu kilicheza. Nilifurahi. Hazitakuwepo raba wala harusi wala mwari. Atarudi kwangu. Ilikuwa furaha ya muda mfupi sana, lakini nilikuwa nimesahau kwamba mtu ana uso.

"Nilishauliza mwanzo, nauliza tena," daktari akasema. "Nyumbani palikuwa na mtu mwenye kifua kikuu? Sitaki kumlaumu mtu. Kama alikula dawa akaacha njiani, nahitaji kujua. Na kama kuna mwingine aliyekuwa analala naye chumba kimoja, nataka apimwe upesi."

Jumapili ilikuwa siku tatu mbele. Kwenye lile banda kulikuwa na watu arobaini, na wanawake wa kuulizia wana masikio hata huko.

Thuraya ndiye aliyejibu. Alifuta macho akasema, "Hapana, daktari. Mume wangu alishakuambia. Mama mkwe alikuwa na pumu tu. Arwa wangu alilala naye chumba kimoja miaka mitatu, hata mafua hakuyapata."

Alinitetea. Alichukua uongo wangu akausimamisha mbele ya daktari kwa nia safi kabisa, na akamweka mtoto wetu juu yake kama ushahidi.

"Haikuwa pumu," nikasema.

Nikayamaliza yote: Boko, kopo la vitamini, vidonge vya miezi miwili vilivyoachwa, babu, shangazi. Daktari alikuwa akiandika haraka. Thuraya hakuniangalia, aliangalia mikono yake.

"Kopo lake la mate nilikuwa nalimwaga kwa mikono hii," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha ya kwenu, kifo kikaja kuniumbua mie." Hakupandisha sauti hata kidogo. Ningependa apandishe.

Daktari alitutuma kwa nesi wa vidonge. Kwenye korido Thuraya akasimama, barakoa iko kidevuni, akasubiri mama mmoja na mtoto wapite.

"Nina swali moja. Ukinidanganya nitajua, leo nimeshajifunza. Daktari aliposema sindano basi, nilikutazama kupitia vidole vyangu. Ulifurahi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na la kuapa na la kukasirika, yote mawili nimeyatumia maishani kwa mafanikio.

"Nilifurahi," nikasema. "Kidogo. Niliona utanirudia."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kukuta ni ileile aliyoifikiria. Akapandisha barakoa, akaingia.

Nesi wa vidonge aliitwa Auleria, mwanamke mnene mwenye daftari kubwa. Alieleza kwamba vidonge humezwa kila siku, bila kuruka hata moja, miezi sita, na kwamba kila mgonjwa huchagua mtu mmoja wa kumsimamia. Huyo mtu atamwona akimeza kila siku, ataweka alama kwenye kadi, atakuja naye kliniki. "Nani msimamizi wako, mama?"

"Hashil," nikasema, tayari nimetoa kitambulisho mfukoni. "Mume. Namba yangu ya simu andika hii..." Nilikuwa nimejaa matumaini. Miezi sita, kila siku, maji na vidonge mkononi mwangu. Ningemhudumia vizuri kuliko mwanamume yeyote. Hilo ninalijua hata sasa.

Auleria alikuwa ameshaandika herufi mbili.

"Futa hiyo," alisema Thuraya. "Andika Atuganile Mwambene."

"Huyo ni nani kwako?"

"Rafiki yangu."

"Mama, kawaida tunaandika mtu wa ndani ya nyumba, ndiyo rahisi."

"Wa ndani ya nyumba ndiye aliyenificha," akasema Thuraya. "Huyo atatoka uani."

Auleria alinitazama mara moja, akafuta, akaandika. Kisha akanipa kikopo na mimi, akaniambia niende kule ukutani nikakohoe kutoka ndani, mate hataki.

Mimi sikukutwa na kitu. Arwa naye ni mzima, amepewa vidonge vya kuzuia. Jumapili wale watu walikuja, na Thuraya, amekaa mbali penye dirisha, ndiye aliyewaambia yote kabla hawajamaliza kahawa. Walishukuru kwa ukweli, wakasema watarudi. Mwezi wa pili huu hawajarudi, ila Arwa bado anaongea na simu hadi inachemka, kwa hiyo sijui.

Bado ananipikia, bado tunakula meza moja. Nikimuuliza kitu ananijibu. Chumba cha nyuma hajakihama.

Na kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kwenda shule, mwalimu Atuganile anabisha mlango wa uani. Vidonge ni vitatu. Anavitoa kwenye pakiti mwenyewe, anashika bilauri, na husubiri mpaka koo la mke wangu lishuke. Kisha wanazungumza dakika tano, kumi. Siku hizi Thuraya ameanza tena kucheka, kidogokidogo, kwa sababu kifua bado kinauma.

Mimi huwa nimeshaamka. Nimeshaswali, nimeshavaa. Nasikia hodi, naenda, natoa komeo.

"Shikamoo, Baba Arwa," ananiambia.

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nasogea pembeni apite.